Kigoma hadi Mtwara kwa Saa Mbili

Ukitaka kuchekeshwa bila kulipa kiingilio, iulize programu ya kukokotoa umbali kwamba ndege huchukua muda gani kutoka Kigoma hadi Mtwara. Itakujibu papo hapo, bila hata kukohoa: kilomita 1,300 hivi, muda wa saa 2 na dakika chache. Kilomita hazina kasoro. Zimepimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, katika mstari unaokatiza juu ya hifadhi ya Ruaha. Kasoro iko kwenye hizo saa. Programu imechukua umbali, ikaugawa kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa, ikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Haikujisumbua kuuliza kama hiyo ndege yenyewe ipo.

Msafiri wa kweli hupitia Dar es Salaam. Na hapo ndipo mambo yanaponoga, maana kupitia Dar hakuongezi umbali kivile: Kigoma hadi Dar ni kama kilomita 1,080, Dar hadi Mtwara kama 400, jumla 1,480. Mzunguko wote umeuzidi mstari ulionyooka kwa kilomita 180, ambazo jeti ingezimaliza kwa robo saa. Kumbe anga haina kosa. Muda unaliwa chini. Unaliwa kwenye mizani ya mizigo, ambapo boksi la dagaa limezidi kilo tatu na mwenyewe ameanza kuwahamishia dagaa kwenye mifuko ya koti. Unaliwa Dar, ikiwa ndege ya Mtwara imeshaondoka asubuhi, na mwenye koti akalazimika kulala kwa shemeji Tabata, ambako ikifika usiku wa manane nyumba nzima, na ya jirani, inajua mgeni katokea mkoa gani. Tena ndege nyingi za mikoani ni za pangaboi. Zikijitahidi sana ni kilomita 650 kwa saa.

Mtetezi wa programu atasema: yenyewe inahesabu muda wa angani tu, habari za shemeji haziihusu. Haya, tuiondolee shemeji. Kule Orkney, Scotland, kuna safari ya ndege kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, kilomita 2.7 tu. Ratiba huipa dakika 2 hivi, na rekodi yake ni sekunde 53. Kanuni ileile, pamoja na nusu saa yake, inaipa safari hiyo dakika 30 na ushei. Yaani penye siku mbili inasema saa 2, penye dakika 2 inasema nusu saa. Ingeishia kwenye kilomita, nani angeigombeza? Lakini ikishataja saa, kuna mtu Mtwara ameshakodi bajaji kwenda kumpokea mgeni ambaye bado anatafuta chandarua Tabata.

Atabaki mwenye pesa, na huyu hakosekani: yeye atakodi Cessna Caravan ifuate mstari ulionyooka, dagaa wake siti ya nyuma. Inawezekana kabisa. Ila Caravan huenda kama kilomita 340 kwa saa, kwa hiyo atashuka Mtwara baada ya karibu saa 4, pesa ya shamba zima la mikorosho imeteketea, na zile saa 2 za programu hajazipata hata yeye.