Mwongozo kwa Atakayetakiwa Kuthibitisha Kuwa ni Mtu

Ukijikuta ndani ya hadithi ya watu wa kutengenezwa, usianze kuapa kwamba wewe ni binadamu. Wote huapa, na waliotoka maabara huapa kwa ufasaha zaidi.

Usihangaike pia kugonga kifua ukisikilizia bati. Roboti wa kwanza kuitwa hivyo, wale wa tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, walikuwa na ngozi na mishipa iliyotengenezwa kiwandani; nati hata moja hawakuwa nayo.

Kinachotisha ni mtihani wa huruma. Katika Blade Runner, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1982, utakalishwa mbele ya mashine inayochungulia mboni ya jicho, huku afisa akiuliza utafanyaje ukizawadiwa pochi ya ngozi ya ndama. Usishukuru! Kataa, tena uonekane umeudhika. Mchinjaji yeyote mwaminifu angefeli papo hapo. Likija swali la kobe aliyelala chali jangwani, usidadisi jangwa gani. Leon, mmoja wa waliotoka maabara, alidadisi, alipofikishwa kwenye swali la mama yake akajibu kwa risasi, na risasi haina alama. Katika riwaya ya Philip K. Dick iliyozaa filamu hiyo, Deckard, mpimaji wa huruma za wengine, anafuga kondoo wa umeme juu ya paa na kumwonea kijicho jirani mwenye farasi.

Usitegemee elimu. Kiumbe wa Frankenstein alijifunza lugha kwa kuchungulia ufa wa ukuta, akasoma Milton na Plutarch, akaishia kupigwa fimbo kwa sababu ya sura. Njia ya serikali ipo, ila ina foleni: roboti Andrew wa Isaac Asimov alitambuliwa kuwa mtu alipotimiza miaka 200, baada ya kukubali ubongo wake ufe polepole, na uamuzi ukamkuta anakata roho.

Wanaofaulu, nionavyo, hata hawajui kama wamo mtihanini. Kwa Čapek, roboti Primus na Helena wanagombania nani afe badala ya mwenzake. Roy Batty wa Blade Runner, mtu wa kutengenezwa aliyepangiwa kuishi miaka minne tu, anatumia dakika zake za mwisho kumwokoa Deckard aliyekuja kumuua.

Ukipata nafasi, mgeuzie mpimaji swali. Katika filamu, Rachael, aliyekuwa amepimwa na Deckard, alimuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kupimwa kwa mashine ile. Deckard alikuwa amesinzia.