Sukuma Wiki Yenye Seva

Mkazi wa Subukia anayenunua kihisi cha Bluetooth ili kimwambie kama sukuma wiki ya kwenye gunia ina kiu, amejiongezea mmea wa pili wa kutunza. Ushahidi umo kwenye kifaa chenyewe. Chukua Flower Care ya Xiaomi, ambayo wengi huiita Mi Flora: miguu miwili huchomekwa udongoni, betri bapa ya CR2032 hukaa kichwani, nacho hupima unyevu, joto, mwanga na chumvi za mbolea. Habari hizo husafiri kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, mawimbi ambayo maji huyameza. Kwa hiyo mvua ikinyesha na majani yakanawiri, habari njema ndiyo inayopata taabu kufika. Zitakazopenya zitakutana na ukuta wa mawe wa jikoni, halafu mabati, kabla ya kuifikia seva iliyoko sebuleni, yaani kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Home Assistant. Basi itanunuliwa ESP32, kifaa kidogo cha kuzipokea na kuzipitisha njiani, na hiyo nayo inataka stima. Stima ikipotea usiku wa masika, seva na ESP32 zote mbili hunyamaza. Sukuma wiki, ambayo wakati huo inanyeshewa, haijui kuna tatizo. Na hata stima ikiwepo, kihisi huzungumza na mmoja kwa wakati. Kijana wa nyumba hiyo akifungua programu ya kihisi kwenye simu yake ili aone tu, seva haikioni tena, na baba mwenye nyumba atashinda akiizima na kuiwasha bure.

Kuna watakaosema kifaa hiki kinamfaa aliye mbali. Haya, yuko Nairobi, simu inamwonya kwamba udongo umekauka. Atampigia mama nyumbani, na mama, aliyesimama dirishani akiyatazama majani yaliyolegea, atamjibu, "Nayaona, baba. Maji ya mfereji ndiyo hayajaja." Hoja nzito zaidi ni ya mbolea, maana kidole hakionji chumvi. Nakubali, ila kihisi nacho hujumlisha chumvi zote bila kutenga naitrojeni na potasiamu, na udongo ukikauka kipimo hushuka ingawa mbolea ni ileile. Mwenye kivungulio cha nyanya au shamba la waridi ana haki ya kuwa na vihisi: miche yake ni maelfu, na vipimo vinaweza kufungua vali ya maji ya matone. Lakini huyo hutumia nyaya, au redio za LoRa zinazofika kilomita kadhaa. Gunia la nyuma ya jikoni halina vali; lina mtu na jagi.

Kwa gunia moja, chomeka kidole hadi pingili ya pili; kikitoka kikavu, mwagilia jioni. Na kama kihisi kimeshanunuliwa na seva haikioni, usiite fundi kabla hujafunga ile programu kwenye simu ya kijana.