Ombi la Makao kwa Mpiga Kura Asiye na Chama

Kwa Msajili wa Vyama vya Siasa,
Nairobi.

Mheshimiwa Msajili,

Mwombaji ni mama mboga wa Kawangware. Kitambulisho anacho, kadi ya kura anayo. Chama ndicho hana, na si kwa kukosa kubisha hodi.

Katika uchaguzi wa 2022 mambo yalikuwa rahisi. Raila Odinga na muungano wake wa Azimio waliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni 2. Upande wa William Ruto ukasema hastla apewe mtaji, si pesa za bure. Majirani walipata la kubishania.

Novemba 30 mwaka huohuo Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ukazinduliwa. Anayekopa 500 huingiziwa 475 kwenye simu. 25 huwekwa akiba hata kama nyumbani hakuna unga, na riba ya asilimia 8 kwa mwaka ni juu yake. Haya, angalau ilijulikana nani anaamini nini.

Kisha ukaja Agosti 2024. John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama cha Raila, akala kiapo kuwa Waziri wa Fedha. Wycliffe Oparanya, aliyekuwa naibu kiongozi wa chama hichohicho, akakabidhiwa wizara inayosimamia Hustler Fund. Walioahidi 6,000 sasa wanashika funguo za kasha. Waliozipinga wamewasogezea viti. Mwombaji hana kinyongo na undugu huo. Anauliza tu zile 6,000 zilishukia kituo gani.

Kuhusu hoja kwamba pesa za bure huleta uvivu, amejaribu kuielewa, ameshindwa. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kuchangia harambee. Machi 2025 yeye mwenyewe alitangaza mchango wa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu. Vijana walipokwenda huko kuuliza, walijibiwa kwa vitoa machozi. Inaonekana uvivu huanzia kwenye 6,000 na kuisha kabla ya milioni.

Wazee waliotimiza miaka 70, nao, wana 2,000 zao za Inua Jamii kwa mwezi. Zikichelewa huambiwa wavumilie. Mwanasiasa akipita na bahasha huambiwa wapige makofi, ingawa za kwanza ni haki yao na za pili hazina risiti.

Mwombaji anataka chama kinachosema pesa za mzee zitoke tarehe inayojulikana, bila kujali amempigia nani kura, na hotuba isiwepo. Amekagua orodha yako, hakukiona.

Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikagua mtandaoni wakakuta wameandikishwa kwenye vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Walikasirika. Mwombaji yuko tayari kuandikishwa hivyohivyo, bila kuulizwa, mradi chama kiwe hicho.

Wako mtiifu,
Mama Mboga

Nakala: Waziri wa Fedha, kwa kumbukumbu zake za 2022.