Mashabiki wa Spika

Safari Rally iliporejea kwenye Mashindano ya Dunia ya mbio za magari mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Naivasha ilipata wageni wa aina mbili: wanaofuata magari na wanaofuata spika. Hao wa pili ndio wenye kumbukumbu. Muulize mmoja wao tamasha lililomkosha zaidi, atakusimulia mbuzi choma, baridi ya alfajiri kando ya ziwa na foleni ya Gilgil Jumapili jioni. Nani aliimba? “Wasanii wote wakubwa, bwana!” Na mbio za 2022, nani alishinda? Kimya. (Ni Kalle Rovanperä wa Ufini, kijana wa miaka 21; alipokuwa akila vumbi la hatua ya Sleeping Warrior, wewe ulikuwa bado unakoroma hemani.)

Wazee wa Nakuru nao hawajambo. Kila mmoja anaapa kwamba mwanamuziki Joseph Kamaru alipopiga gitaa, yeye alikuwa safu ya kwanza. Safu hiyo, tukiipanga vizuri, ingefika Njoro.

Basi ndugu yangu, ukienda Naivasha tena, rudi na jina la mwimbaji mmoja tu. La dereva tumekusamehe.