Namna ya Kuugua Risiva ya Zamani Bila Kupona

Ukifika kwa muuzaji, usiulize risiva, yaani redio na amplifaya ndani ya boksi moja, inalia vipi. Inyanyue. Ikikushinda, toa pesa. Pioneer SX-1980, ambayo Wajapani waliitoa mwaka 1978, ina kilo kama 35, na chuma cha transfoma kimechangia sana humo. Ni mmoja wa wafalme wa enzi ile Pioneer, Sansui, Marantz na Kenwood walipokuwa wanakomoana kwa wati: 270 kila upande. Kama kiuno chako kina historia, tafuta Marantz 2270, yenye wati 70 kila upande. Zimetajwa kwenye jina lenyewe.

Wati hizo zitetee kwa ukali. Kijana wa jirani atakuonyesha sabufa yake ya plastiki, kibandiko kinadai wati elfu kadhaa za PMPO, naye ameibeba kwa mkono mmoja. Mweleze taratibu kwamba mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani iliwabana watengenezaji watangaze wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo, si za kupiga chafya mara moja. Hatakusikia, kwa sababu sabufa imefunguliwa. Na tuseme kweli, ina kelele kuliko yako.

Sasa umeme. Risiva iliyouzwa Marekani inataka volti 120, ya ndani ya Japani 100, na ukutani kwako kuna 230 au zaidi. Ukichomeka hivi hivi utapata moshi wa mwaka 1975, halisi kabisa. Nunua transfoma ya kushusha umeme. Zilizotengenezewa masoko ya nje aghalabu zina kiswichi cha volti mgongoni. Kikague, maana hujui mwenyewe wa kwanza aliishi wapi.

Ile ya Japani ina balaa la pili, na wenye magari ya mtumba wanalijua: FM yake inaanzia 76 na kuishia 90. Stesheni nyingi za mjini ziko juu ya hapo. Watu wakiuliza, sema huzipendi redio za siku hizi.

Fundi utamhitaji tu. Kapasita zimekauka, swichi zimeshika kutu, nobu ya sauti inakwaruza kila ukiigusa. Fundi wa kweli atapuliza dawa ya kusafishia, atabadilisha kapasita, na atakurudishia za zamani kwenye kimfuko ili uamini. Yule mwingine ataichungulia na kusema, “Mzee, hii tutoe vya ndani, tukuwekee bodi ya Bluetooth.” Usibishane naye. Beba mzigo wako, kwa shida, uondoke.

Wageni wakija, lazima useme kwamba sauti ina “joto”. Kabla hawajaketi, bonyeza kitufe cha Loudness. Sikio la binadamu huipoteza besi sauti ikiwa chini, na kitufe hicho kinairudisha. Weka santuri ya taarabu, maana tundu la Phono lipo nyuma linasubiri, kisha funga macho. Watafunga na wao. Nusu ya joto ni kitufe. Nusu nyingine ni spika kubwa ulizosahau kuzitaja.

Jambo moja tu sitalifanyia mzaha, nalo halihusu masikio. Ni ile nobu ya kutafutia stesheni. Nyuma yake kuna gurudumu zito, kwa hiyo ukiisukuma kwa kidole inaendelea kuzunguka yenyewe, na sindano inateleza juu ya namba zenye mwanga mpaka upande wa pili. Kwenye Marantz gurudumu lenyewe limelazwa, ukingo wake umejitokeza, unalisukuma kwa kidole gumba. Nimeona watu wazima wakilizungusha risiva ikiwa imezimwa. Rimoti haijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Nyumbani wakiuliza bei, taja ya transfoma ya kushusha umeme. Hujadanganya, hiyo nayo uliinunua.