Shangazi Majira: Wake Wenza na Saa Moja

Wiki hii barua za Shangazi Majira ni za ugomvi wa ndoa, ila wanaogombana ni kompyuta.

Ya kwanza ni ya "Mwenye Wawili" wa Morogoro. Alikuwa akisakinisha Linux kando ya Windows, mara akaulizwa: je, saa ya maunzi imewekwa kwa UTC? Akajibu "Ndiyo", maana kukubali ni haraka kuliko kusoma. Tangu hapo kila akitoka Linux kuingia Windows, anakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Kanunua betri mpya, wapi!

Betri imesingiziwa, anajibu Shangazi. Huyu ni bwana wa mitala: wake wawili, saa moja ya ukutani, na kila mke anaisoma kivyake. Saa ya maunzi ni chipu ndogo kwenye ubao mama inayohesabu hata kompyuta ikizimwa, kwa nguvu ya betri ya kidonge, aghalabu CR2032, na kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Inatunza tarakimu tupu, Morogoro haiijui. Windows huzichukua tarakimu hizo kuwa saa za hapo ulipo, desturi iliyorithi kwa DOS. Linux huzichukua kuwa UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa, kisha huongeza saa tatu za Afrika Mashariki.

Tuseme ni saa kumi jioni, na ndivyo Windows ilivyoandika. Linux inawaka, inaongeza tatu, inatangaza saa moja usiku. Ikipata intaneti inajisahihisha, halafu, kwa kuwa inatunza UTC, inaandika kwenye chipu saa saba mchana. Windows ikiamka inaisoma saba hiyo na kuiamini.

Dawa ni mmoja kufuata desturi ya mwenzake. Linux hukubali kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ingawa hutoa onyo. Shangazi anapendelea Windows ndiyo ibadilike: kwenye rejista yake iwekwe RealTimeIsUniversal yenye thamani 1.

Kwa nini? Barua ya pili, kutoka London, inatosha. Huko saa hurudishwa nyuma kila Oktoba, na chipu ikitunza saa za mahali, kila mfumo unaweza kudhani kazi hiyo ni yake. Saa moja ikawa mbili. UTC haina kiangazi wala kipupwe. "Mpweke" wa Lubumbashi, mwenye Linux peke yake, naye ajibu "Ndiyo" bila wasiwasi. Mfumo utamwongezea saa zake mbili.

Wa Eldoret ana shida tofauti. Kila asubuhi kompyuta yake inarudi miaka mingi nyuma, na kivinjari kinazikataa tovuti kwa kuwa vyeti vyao vya usalama, kwa tarehe hiyo, bado havijaanza kutumika. Hapo ndipo betri ina hatia. Fundi akitaka kumuuzia ubao mama mzima kabla ya kuijaribu, atafute fundi mwingine.