Sifa za Kistari cha Kutoa

Wa kuusifu Mlima Kilimanjaro wapo tele, na wa kuisifu kahawa ya Kibosho hawakosi. Mimi nimejitwika kazi ya kukisifu kistari cha kutoa, kidude chembamba kinacholala kati ya namba bila kumsemesha mtu, ambacho kila mwaka huwaangusha watoto wetu kwenye mtihani wa Hisabati, kisha lawama zikapelekwa kwa mwalimu.

Nasaba yake si haba. Namba hasi zenyewe ziliwekewa kanuni na Brahmagupta wa India mwaka 628. Chanya akaziita mali, hasi akaziita madeni. Kistari kikatokea kwenye kitabu cha hesabu za biashara cha Johannes Widmann, kilichochapishwa Leipzig mwaka 1489. Hiyo ni miaka 400 kamili kabla Hans Meyer hajakanyaga kilele cha Kibo, hapa Kilimanjaro. Meyer anakumbukwa. Kistari hakina hata kibao cha barabarani.

Na mlimani hapa kina kwao. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Moshi mjini kukiwa na nyuzi 28 mchana, huko kileleni, mita 5,895, unaweza kukuta hasi 5. Muulize mtoto wa darasa la saba tofauti ni nyuzi ngapi. Atachukua 28, atatoa 5, atapata 23. Mtunga mtihani naye si wa mchezo: 23 ameshaiweka kwenye herufi B, safi, inamngoja. Mtoto akiiona moyo unatulia, penseli inaweka kivuli, ukurasa unafunuliwa. Angeteremka kwa kidole kwenye mstari wa namba, 28 hadi sifuri, kisha 5 nyingine, angefika 33, ambayo ilikuwa herufi D ikijikalia. Kuliona jibu lako kati ya majibu uliyopewa si ushahidi wa lolote. Makosa yako yalishajulikana kabla hujazaliwa.

Niusifu pia unyenyekevu wake. Kwenye MAGAZIJUTO kimepewa kiti cha nyuma kabisa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, ndipo toa. Kimekubali bila kinyongo. Lakini mpe mtoto 10 − 4 + 3 uone. Ameambiwa kujumlisha kunatangulia, basi anajumlisha 4 na 3, anapata 7, anatoa kwenye 10, anaandika 3. Jibu ni 9. Jumlisha na toa ni wa rika moja, anayetangulia ni yule aliye kushoto. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa linalofundishwa kwa bidii kuliko yote nchini, tena kwa wimbo.

Ukifika sekondari kinazidi kuchangamka. Kwa miaka mingi mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne haukuruhusu kikokotoo, watahiniwa walitumia majedwali, na kwa hesabu za majedwali logi ya 0.02 huandikwa 2 yenye kistari juu, ikifuatiwa na .3010. Kistari kimepanda kichwani kama mkungu wa ndizi kwa mama anayekwenda soko la Mwika, na kinaihusu hiyo 2 peke yake; .3010 imebaki chanya. Anayekitandaza kwenye namba nzima amepotea.

Kinapenda mabano kuliko kitu chochote. Katika 7 − (x − 3) = 4, kikiingia ndani kinageuza kila kilichomo: 7 − x + 3 = 4, na x ni 6. Mwenye haraka huandika 7 − x − 3 = 4, akapata 0, akaenda zake. Angeirudisha hiyo 0 mahali pa x angeona upande wa kushoto unaleta 10, si 4. Kazi ya nusu dakika. Wengi huitumia nusu dakika hiyo kupigia mstari jibu lisilo sahihi, kwa rula.

Mwaka 2023 waliofaulu Hisabati kidato cha nne walikuwa karibu robo tu ya watahiniwa. Siwezi kukisingizia kistari robo tatu zote. Kina aibu zake, lakini si mchoyo kiasi hicho. Walimu wa twisheni wanakula kwa jasho lake, na wajomba wanaorudi nyumbani Desemba kuhesabiwa na ukoo wanapata la kuwauliza watoto.

Sasa ombi langu kwa Manispaa ya Moshi. Kijengewe sanamu. Gharama hakuna: ubao mmoja, ulazwe. Ila asitokee fundi mwerevu akausimamisha, maana hapo itakuwa sanamu ya moja, na watoto watakosa tena.